Saa kumi jioni gari lizimwe: safari ya nyika ya Australia na watoto na mama mkwe

Likizo ya shule ya mwezi wa saba mwaka jana tulitoka Adelaide kwa gari, mimi, baba watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, tukaenda hadi Uluru, ule mwamba mkubwa katikati ya Australia, na kurudi. Kwenda tu ni karibu kilomita 1,600. Tangu turudi, kila kwenye shughuli ya Waswahili hapa mjini, iwe harusi au akika, hakosi mama wa kunivuta pembeni: "Dada, na sisi tunataka kwenda. Tuanzie wapi?" Nikianza kueleza, chai inapoa. Kwa hiyo nimekaa niandike yote, pamoja na tulipokosea, maana tulikosea siku ya pili tu na kosa lenyewe lingeweza kutufanya tulie.

Wengi huanza kupanga kwa vivutio: tulale wapi, tupige picha wapi. Mimi nakuambia anza na jua. Mwezi wa saba kule Coober Pedy, mji wa njiani, jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hizo ndizo saa zako za kuendesha, na si zote, kwa sababu ya kwanza na ya mwisho ni za wanyama. Kangaruu hujilaza kivulini mchana kutwa, jua likiinama hutoka kutafuta majani. Na majani mabichi yako wapi katika nchi kavu namna ile? Kandokando ya barabara, kwa kuwa mvua kidogo inayonyesha huteleza juu ya lami na kutuama pembeni. Basi mnyama wa kilo 80 anasimama hatua mbili kutoka kwenye gurudumu lako, na akishtuka haangalii anarukia wapi. Ng'ombe nao wanazurura, sehemu nyingi hakuna uzio, na barabara haina taa hata moja.

Watoto wangu wamezaliwa huku. Nimewafundisha saa za Kiswahili kama ninavyowafundisha majina ya mababu zao, ili wasipotee. Nyikani ndipo walipoelewa zinafanya kazi gani. Saa inayohesabiwa tangu kuche inakwambia papo hapo mwanga umetumika kiasi gani na umebaki kiasi gani. Binti yetu mkubwa ndiye aliyekuwa akitangaza: "Baba, saa nane hii, bado saa mbili." Bado saa mbili kufikia saa kumi, kwa sababu hiyo ndiyo sheria tuliyojiwekea baada ya lile kosa: saa kumi jioni gari limeshazimwa na sufuria iko motoni.

Nieleze lile kosa.

Siku ya kwanza tulilala Port Augusta, kilomita 310 kutoka Adelaide. Ni mji wa mwisho wenye maduka makubwa, na hapo ndipo barabara ya Stuart inapoanzia kwenda kaskazini hadi Darwin, zaidi ya kilomita 2,700. Siku ya pili tulikuwa na kilomita 540 hadi Coober Pedy. Tukaondoka saa nne asubuhi. Watoto walichelewa kuamka, mimi nikakumbuka nimesahau chumvi na mafuta ya kupikia, tukajiambia barabara nzuri, tutafidia. Pimba tukala. Mbele kidogo kuna Lake Hart, ziwa la chumvi lililokauka, jeupe mpaka linaumiza macho, liko pale pale kando ya barabara. Watoto wakashuka, wakakimbia juu ya chumvi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaita. Glendambo tukafika saa tisa. Tukajaza tangi, maana kutoka hapo hadi Coober Pedy ni kilomita 254 bila kituo cha mafuta, bila duka, bila nyumba.

Tulipokwenda kama kilomita 80 tairi la nyuma kushoto likapata pancha.

Tairi la akiba lilikuwa chini ya sakafu ya buti. Ili kulifikia tulishusha mabegi yote, deli la chakula, madumu ya maji, mablanketi, jiko la gesi, tukayapanga kwenye mchanga mwekundu kama watu wanaohama. Jeki ilikuwapo. Spana ya kufungulia nati haikuwapo. Waliotukodisha gari hawakuikagua, na sisi tulisaini na kuondoka bila kuikagua. Simu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Mama mkwe akashuka taratibu, akaweka mkeka upande wenye kivuli cha gari, akawaita wajukuu wakae naye, akaanza kutega vitendawili kana kwamba tuko barazani kwake.

Gari la kwanza kupita lilisimama bila kupungiwa mkono. Mzee na mkewe, wastaafu, wanavuta nyumba ya magurudumu. Wazee wa namna hii utawakuta wengi huko msimu wa baridi. Mzee hakusema maneno kumi. Alitoa spana ya msalaba kwenye boksi lake, akaweka kipande cha ubao chini ya jeki ili isizame mchangani (hilo la ubao ulibebe na wewe), wakafanya kazi na baba watoto mpaka tairi likakaa. Mkewe akawapa watoto biskuti. Ni desturi ya nyika: gari likisimama kando ya njia, anayepita hupunguza mwendo na kuuliza. Uwe nayo na wewe.

Lakini jua lilikuwa limeshakwenda. Kilomita zaidi ya mia moja za mwisho tuliendesha gizani. Baba watoto alishusha mwendo hadi 70, taa kubwa zote zimewashwa, mimi naangalia kushoto, binti anaangalia kulia. Macho ya kangaruu huyaona kwanza, nukta mbili za mwanga zinazoning'inia hewani. Wa tatu au wa nne alikuwa amesimama katikati ya njia, dume, mrefu kama mtoto wetu wa kati. Baba watoto alikanyaga breki bila kukata usukani. Hilo tulilisoma kabla ya safari na namshukuru Mungu alilikumbuka, kwani watu wengi hupindua gari kwa kumkwepa mnyama kuliko kwa kumgonga. Gari likasimama. Kangaruu akabaki palepale, masikio yanacheza, kifua kinapanda na kushuka, taa zimempumbaza. Mama mkwe, tasbihi mkononi, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, zima taa kubwa. Hapa ni kwao. Ngoja apite." Akazima. Kangaruu akaruka mara tatu, akapotea gizani. Tulifika Coober Pedy saa moja na nusu usiku, mtoto wa mwisho analia, mimi miguu haina nguvu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa mguu kwa wanaokukodishia gari, fungua buti. Lione tairi la akiba kwa macho, libonyeze, ulizia upepo wake. Shika jeki, shika spana, jaribu kama inaingia kwenye nati. Kisha panga mizigo ukijua siku moja utalihitaji hilo tairi. Na usome mkataba mpaka mwisho. Mingi inasema wazi kwamba ukiendesha usiku nje ya miji, au ukiingia barabara za vumbi, bima haikuhusu. Kuna njia za mkato za kuvutia sana kwenye ramani ambazo ni za vumbi, na nyingine hupita ardhi za wenyeji ambako hupiti bila kibali. Na familia, ziacheni.

Watu wengi wananiambia hawana gari la porini. Kwa safari hii hulihitaji. Barabara ya Stuart ni lami tupu tangu mwaka 1987, na ile inayochepuka kwenye kituo cha Erldunda kwenda Uluru nayo ni lami. Gari la kawaida lenye nafasi, lililofanyiwa huduma, linatosha. Sisi tulikodi la watu wanane tukakunja viti viwili kupata pa kuweka mizigo. Mtoto aliye chini ya miaka saba lazima awe kwenye kiti chake cha watoto. Hiyo ni sheria nchi nzima, kwa hiyo usihesabu viti kwa kubahatisha.

Kinachowapotosha watu wetu ni kuifananisha na safari za nyumbani. Dar es Salaam hadi Mwanza ni mbali pia, lakini kuna Chalinze, kuna Morogoro, Dodoma, Singida. Basi likisimama tu madirishani pamejaa mahindi ya kuchoma, mayai na maji baridi. Nyikani hakuna Chalinze. Kuna kituo kimoja chenye pampu, mgahawa na vyumba vichache, halafu kilomita mia, mia mbili, halafu kingine. Hivyo kanuni yetu ya mafuta ilikuwa nyepesi: hatupiti pampu na tangi likiwa chini ya nusu, hata bei ikiwa inauma. Na itauma, maana mafuta yenyewe yamesafirishwa njia ile ile uliyoipita.

Maji tulihesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku. Sisi ni sita, siku moja ni lita 30, tukabeba madumu matatu ya lita 20 ili tuwe na siku mbili kamili hata tukikwama. Yagawe kwenye madumu tofauti, moja likipasuka usibaki mikono mitupu. Mama mkwe hakutaka hata kidogo maji ya akiba yaguswe. Siku ile ya pancha, alasiri ilipoingia, alipiga viganja vyake kwenye mchanga akatayamamu, akamwuliza mwanawe kibla kiko wapi. Kutoka kule ni magharibi, umeelekea kaskazini kidogo. Alipomaliza, kwenye paji la uso alikuwa na vumbi jekundu, na hakulifuta mpaka usiku.

Mkikwama, msiliache gari. Hili wafundishe watoto kabla ya kuondoka, walirudie mpaka waimbe. Gari linaonekana kutoka mbali na kutoka angani, lina kivuli, maji yenu yamo ndani. Mtu anayetembea kwa miguu haonekani. Karibu kila habari ya kusikitisha ya nyika unayoisikia, ndani yake yupo mtu aliyeondoka kwenye gari kwenda kutafuta msaada.

Simu usiitegemee. Mtandao wa Telstra ndio wenye minara mingi zaidi nje ya miji, na bado ukitoka kwenye mji kwa dakika chache unazimika. Namba ya dharura ni 000, lakini pasipo na mnara nayo haitoki. Tulinunua kifaa kidogo cha kuitia waokoaji, ukubwa wa simu ya zamani, ukikifungua kinapeleka ishara kwenye setilaiti na waokoaji wanajua ulipo. Kinasajiliwa bure serikalini kwa jina lako. Hatukukitumia, na kila usiku nilikitazama kwa shukrani. Pia mwachie mtu mmoja mjini ratiba yenu iliyoandikwa: leo tunalala hapa, tukifika tutakupigia. Wifi yangu ndiye alikuwa na hiyo karatasi, na usiku ule wa Coober Pedy tulimkuta ameshaanza kutafuta namba ya polisi.

Utakutana na malori ambayo hujawahi kuyaona. Kichwa kimoja kinavuta trela tatu, hadi mita 53.5, zaidi ya mabasi manne yaliyofuatana. Wenyewe wanayaita treni za barabarani. Yakikupita kwa mbele upepo unalisukuma gari, shika usukani kwa mikono miwili. Ukitaka kulipita, hakikisha unaona njia tupu kwa kilomita nzima na zaidi. Kama huioni, kaa nyuma, mnywe chai kwenye kituo kinachofuata. Ukivuka mpaka wa kuingia Northern Territory kibao kinakuruhusu kilomita 130 kwa saa. Sisi tulibaki kwenye 100. Mafuta yanadumu, macho yanapata muda wa kuona, na mama mkwe anaweza kusinzia.

Kuhusu kusafiri na mzee, hapa ningeomba mtu asome polepole. Mama ana shinikizo la damu. Tulimpeleka kwa daktari wiki mbili kabla, tukachukua dawa za siku kumi zaidi ya safari, tukazigawa: nusu kwenye mkoba wake, nusu kwenye mkoba wangu. Mgeni kutoka Tanzania hafunikwi na bima ya afya ya serikali huku, hivyo tulimkatia bima ya wageni kabla hajapanda ndege. Na gari la wagonjwa hapa South Australia si bure hata kwa sisi wakazi, kwa hiyo tazama na hilo la familia yako. Coober Pedy ina hospitali, Yulara karibu na Uluru ina zahanati. Katikati yake ni madaktari wa ndege, huduma aliyoianzisha John Flynn mwaka 1928. Utaona sehemu barabara imepanuliwa na kuchorwa mistari kama uwanja: ndege yao inatua hapo hapo juu ya lami. Mama alipoelezwa alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe wamefikiriwa." Kila baada ya saa mbili tulisimama, anyooshe miguu, anywe maji. Baba watoto nami tukapokezana usukani hapo hapo.

Chakula tulipika nyumbani. Vituo vya njiani vina chipsi, mikate ya nyama, na nyama yenyewe hujui imechinjwaje. Nilikaanga sambusa na kuzigandisha, nikagandisha pilau kwenye vyombo vidogo, vikawa ndiyo barafu ya deli kwa siku mbili za kwanza. Chapati zikafungwa kwenye kitambaa, tende, kashata, mchele, dengu, na makopo ya samaki. Jioni ni kuchemsha tu. Matunda beba ya kutosha kwenda. Kurudi usiyalete, South Australia inalinda mashamba yake dhidi ya nzi wa matunda na ni marufuku kuingiza karibu matunda yote mabichi. Mtoto wa kati alikula machungwa manne kabla ya mpaka ili yasitupwe.

Na baridi, jamani. Watu wanasikia jangwa wanabeba fulana. Mchana wa mwezi wa saba ni mzuri, jua tamu, nzi wachache. Usiku zebaki hushuka hadi sifuri na chini yake. Asubuhi moja Yulara tulikuta kioo cha gari kimefunikwa na barafu, mtoto wa mwisho akaandika jina lake kwa kucha. Mama mkwe alikuwa na kanga mbili na sweta moja, tukamzidishia blanketi la sufu na soksi za mwanawe. Pamoja na hayo nasema tena, nendeni kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Desemba mpaka Februari joto linapita nyuzi 40, na kwenye joto hilo pancha kama yetu, pamoja na mtoto wa miaka minne na mzee, ingekuwa habari nyingine.

Coober Pedy tulikaa siku nzima bila kuendesha, na nawasihi msiipite. Opali, jiwe la thamani, ilipatikana pale mwaka 1915, aliyeiona wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 14. Watu walipoona joto la nje halivumiliki wakaingia kwenye mashimo waliyochimba, na mpaka leo wengi wanaishi chini ya ardhi. Kuna makanisa chini ya ardhi, hoteli, maduka. Chumba chetu kilichongwa kwenye mwamba wa rangi ya halua, alama za mashine zinaonekana ukutani, na bila kipoza hewa wala hita kilikuwa na joto la kupendeza usiku kucha. Binti yetu akamtegea bibi yake kitendawili alichokitunga mwenyewe: "Nyumba yangu haina paa." Bibi akashindwa, ikabidi ampe mji ndipo ajibiwe. Kuna eneo la wazi ambapo yeyote anaruhusiwa kuchokora vifusi akitafuta opali, watoto walishinda hapo mchana kutwa, wakapata vipande viwili vyenye kimulimuli cha buluu. Waambieni tu wasikimbie, na wasirudi kinyumenyume wakipiga picha. Mashimo ya machimbo yako wazi, ni marefu, na vibao vya kuonya vipo kila mahali kwa sababu ya msingi.

Kilichomgusa mama mkwe zaidi ya vyote ni ngamia. Tuliwaona kabla ya Erldunda, saba, wanatembea mbali kwenye mchanga. Akasema ngamia wa nani hao. Si wa mtu. Karne ya 19, kabla ya reli na magari, mizigo ya nyika hii ilibebwa na ngamia walioletwa kwa meli pamoja na wachungaji wao, wengi Waislamu kutoka nchi zinazoitwa leo Pakistan, Afghanistan na India. Magari yalipokuja, ngamia wakaachiwa. Treni inayokwenda Darwin inaitwa The Ghan kwa ajili ya watu hao, na msikiti wa Adelaide uliojengwa mwaka 1888 hadi 1889 ni kazi ya mikono yao. Ijumaa kabla ya safari tulikuwa tumeswali humo. Mama aliwasomea Fatiha ndani ya gari, na tangu hapo kila tulipopita kibao cha jina la mahali alitaka kujua kama na wao walipita.

Erldunda tukalala, kwa sababu kutoka Coober Pedy ni kilomita 490 na hiyo ndiyo kazi ya siku moja. Kesho yake zimebaki 245. Njiani watoto watapiga kelele "Uluru!" na wewe utataka kusimama. Ni mlima mwingine, umekatwa juu kama meza, wenyeji wanauita Atila. Uluru ukiufikia hutauliza. Mwamba mmoja, mita 348 kutoka ardhini, na kuuzunguka kwa chini ni kilomita zaidi ya tisa. Kiingilio cha hifadhi mtu mzima hulipa, kinadumu siku tatu, watoto hawalipi. Malazi ya Yulara ni machache na ghali, sisi tuliweka nafasi kwenye kambi miezi mitano kabla na tulipata za mwisho.

Mwamba ni wa Waanangu, wenyeji wa asili wa pale. Serikali iliwarudishia rasmi tarehe 26 Oktoba 1985, na tarehe hiyo hiyo mwaka 2019 kuupanda kukafungwa kabisa, baada ya wao kuomba kwa miaka mingi watu wasikanyage mahali pao patakatifu. Kuna kuta ambazo kibao kinakuomba usipige picha. Weka simu mfukoni. Niliwaambia wanangu, ni kama vile hatuingii msikitini na viatu, hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa mzee, njia inayofaa ni ile fupi ya kwenda kisima cha Mutitjulu, kama kilomita moja kwenda na kurudi, tambarare. Mama alikaa kwenye benchi mbele ya yale maji yaliyotulia chini ya mwamba kwa nusu saa, hakutaka kuondoka. Baba watoto na wawili wakubwa wakazunguka mwamba mzima kwa miguu, kwa muda wa saa nne.

Usiku wa mwisho kambini mama mkwe aliniamsha kabla ya alfajiri. "Mama watoto, njoo uone." Tulijifunika blanketi moja, tukatoka. Kaskazini mashariki, juu kidogo ya miti, kilikuwapo kile kishada kidogo cha nyota. "Kilimia," akasema. Baba yake alikuwa mkulima, akipanda kwa kuzitazama nyota hizo, na akanikumbusha ule msemo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi jana yake kwenye kituo cha utamaduni nilikuwa nimesoma kwamba Waanangu nao wanazisimulia hizo hizo. Kwao ni dada saba wanaomkimbia mwanamume anayewafuata nchi nzima. Nikamweleza. Akazihesabu kwa kidole, akafika sita, akarudia, akafika sita tena.

Tukawasha jiko, nikabandika chai ya tangawizi. Baba watoto alitoka hemani akauliza kama tuwahi kuondoka, njia ni ndefu. Mama akamwambia akae, anywe chai, jua bado.